Redio ya ndege ndiyo iliyoamua mapigano ya Rufiji mwaka 1915

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nizungumzie makala mliyoichapa kuhusu manowari ya Kijerumani Königsberg, ambayo mwisho wake ulifika katika delta ya Mto Rufiji mwezi Julai 1915. Makala hiyo ilikuwa nzuri, na mwandishi wake alifanya kazi ya kusifiwa. Alieleza jinsi meli hiyo ilivyoizamisha manowari ya Kiingereza HMS Pegasus katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, jinsi ilivyojificha katikati ya mikoko, na jinsi mizinga yake 10 ilivyong'olewa baadaye na kukokotwa nchi kavu kwa nguvu za wapagazi wa Kiafrika ambao majina yao hayakuandikwa popote. Hata hivyo, katika maelezo yote hayo ndege za Waingereza walioishambulia zilipewa nusu sentensi, na redio iliyokuwamo ndani ya ndege hizo haikutajwa hata mara moja. Nimefanya kazi ya ufundi wa redio za ndege tangu ujana wangu hadi kustaafu, na pengo hilo siwezi kulinyamazia. Ninashikilia kwamba bila redio ile Königsberg isingepigwa siku ile, na kwamba historia ya redio za ndege, ambayo kwa kawaida husimuliwa kama jambo la New York, London na Paris, haikamiliki pasipo kutajwa Rufiji na kisiwa cha Mafia.

Ili msomaji apime uzito wa jambo lenyewe, ni vyema kwanza akumbushwe jinsi redio za ndege zilivyokuwa changa wakati huo. Tarehe 27 Agosti 1910, rubani wa Kanada James McCurdy aliruka na ndege ya Curtiss juu ya uwanja wa Sheepshead Bay, New York, akiwa na swichi ya Morse, yaani ya kutuma herufi kwa milio mifupi na mirefu, iliyofungwa kwenye usukani wake, akatuma ujumbe mfupi uliopokewa ardhini na Harry Horton. Kutoka siku hiyo hadi mapigano ya Rufiji haikupita hata miaka mitano. Katika muda huo mfupi majeshi ya Ulaya yalikuwa yakijaribu kutafuta chombo chepesi cha kutosha kubebwa na ndege za mbao na turubai, ambazo injini zake zilikuwa dhaifu kiasi kwamba kila kilo iliyoongezwa ilipunguza kimo ambacho ndege ingeweza kufikia.

Redio za wakati huo zilikuwa za cheche. Betri ilipeleka umeme kwenye koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, koili ikaupandisha nguvu hadi ukaruka kama cheche kati ya ncha mbili za chuma, na cheche hiyo ikazaa mawimbi yaliyosafiri kupitia waya mrefu ulioning'inizwa chini ya ndege. Waya huo ulikuwa na makumi ya mita, umezungushwa kwenye kigurudumu pembeni mwa kiti cha mwangalizi, na mwishoni mwake ulifungwa kipande cha madini ya risasi ili uzito uunyooshe. Mwangalizi aliushusha kwa mkono ndege ikishapaa, na alipaswa kuupandisha tena kabla ya kutua, la sivyo ungenasa kwenye miti au kumjeruhi mtu aliyesimama chini. Cheche zenyewe zilirukaruka jirani na tangi la petroli. Sauti ya mtu haikuweza kusafiri kwa njia hiyo. Kilichosafiri ni nukta na vistari vya Morse peke yake.

Tena mawasiliano yalikuwa ya upande mmoja. Ndege ilituma, lakini haikupokea. Vipokezi vya wakati huo vilitegemea kipande cha fuwele kilichoguswa kwa ncha ya waya mwembamba, na mtikisiko wa injini uliiondoa ncha hiyo mahali pake kila mara. Hata kama ingetulia, kelele za injini na upepo zingeufunika mlio hafifu wa masikioni. Kwa hiyo katika uwanja wa vita wa Ufaransa wanajeshi wa ardhini walimjibu rubani kwa kutandaza vipande vya kitambaa cheupe chini, naye akavisoma kutoka juu. Maofisa wawili wa kikosi cha anga cha Uingereza, Donald Lewis na Baron James, ndio waliotangulia kuifanya kazi ya kuongoza mizinga kwa redio kuanzia Septemba 1914. Katika utaratibu uliotokana na kazi hiyo, shabaha ilichukuliwa kuwa katikati ya uso wa saa, 12 ikiwa kaskazini, na herufi zikaonyesha umbali. Mwangalizi akituma C na 9, mpiga mzinga alijua papo hapo kwamba kombora lake limeanguka yadi 200 magharibi ya shabaha. James aliuawa mwezi Julai 1915, mwezi ule ule wa Rufiji, na Lewis akauawa Aprili 1916.

Sasa turudi kwenye delta. Königsberg ilikuwa imejificha mahali ambapo meli kubwa za Waingereza hazikuweza kufika kwa sababu ya uchache wa maji, na mikoko iliifunika isionekane kutoka baharini. Wakaletwa kutoka Malta wanamaji wenye vyombo viwili vya kina kifupi, HMS Severn na HMS Mersey, kila kimoja kikiwa na mizinga miwili ya inchi 6. Vyombo hivyo viliweza kupanda mto, lakini mizinga yake ingepiga kutoka umbali wa takriban kilomita 10, juu ya msitu, dhidi ya meli ambayo hakuna mpiga mzinga hata mmoja aliyeiona kwa macho yake. Ndiyo maana ndege zilihitajika. Ndege za kwanza zilizoletwa, zile za kutua majini, zilishindwa na hali yetu ya hewa: injini zilichemka, gundi ya mbao ikaachia, na nyingine hazikuweza hata kuinuka kutoka juu ya maji zikiwa na mtu wa pili ndani. Mwezi Juni 1915 zikafika nyingine za magurudumu, Caudron na Henry Farman, nazo zikaruka kutoka uwanja uliotayarishwa katika kisiwa cha Mafia, ambacho Waingereza walikuwa wamekiteka mwezi Januari.

Shambulio la kwanza lilifanyika tarehe 6 Julai. Severn na Mersey zilifyatua mamia ya makombora siku hiyo, na machache tu ndiyo yaliyoipata Königsberg, huku Mersey ikipigwa na mzinga wake wa mbele ukinyamazishwa pamoja na watu wake. Wanahistoria wengi hueleza matokeo hayo kwa kutaja ustadi wa wapiga mizinga wa Kijerumani, na ni kweli walikuwa hodari. Ila fundi wa redio anapolisoma tukio hilo huona sababu nyingine. Vyombo vyote viwili vilikuwa vikipiga kwa wakati mmoja, na mwangalizi aliyekuwa juu, mwenye redio moja isiyopokea, hakuweza kujua kombora lililoanguka ni la chombo kipi. Akituma marekebisho, Severn na Mersey zote ziliyasikia, na kila moja ikayachukua kuwa yake. Mzinga uliokuwa karibu kulenga ukasogezwa, uliokuwa umekosea ukabaki pale pale.

Siku hiyo hiyo Severn iligundua kwamba Wajerumani nao walikuwa na waangalizi wao, waliokaa juu ya jukwaa lililofungwa mtini karibu na ukingo wa mto. Jukwaa hilo lilipovunjwa, shabaha ya Königsberg ilianza kupotea. Kwa hiyo ushahidi unatoka pande zote mbili: aliyeona na kuweza kufikisha alichokiona ndiye aliyepiga.

Tarehe 11 Julai Waingereza walirudi wakiwa wamejifunza. Safari hii chombo kimoja tu kingepiga kwa wakati mmoja. Severn ilitia nanga na kuanza kufyatua baada ya saa sita mchana, na juu yake ilikuwapo ndege ya Henry Farman iliyorushwa na John Cull, mwangalizi wake akiwa Harwood Arnold. Arnold alitazama makombora yakianguka, akatuma marekebisho, akatazama tena, na baada ya mapigo machache makombora yakaanza kuigonga Königsberg. Wakati huo huo Wajerumani waliipata ndege. Injini ilipigwa, na Cull akalazimika kuanza kushuka polepole kuelekea mtoni. Arnold alituma ujumbe kwamba wamepigwa na kuomba mashua, kisha hakuuacha mkono wake ukatulia. Aliona kwamba makombora yote yalikuwa yakiangukia sehemu ya mbele ya manowari, basi akatuma marekebisho ya kuyasogeza nyuma hadi katikati ya meli, ndege ikiwa inaendelea kushuka bila injini. Kisha wakagusa maji na ndege ikapinduka. Cull alinaswa ndani, Arnold akamsaidia kujinasua, na mashua ya Mersey ikawaokoa wote wawili wakiwa hai.

Naomba msomaji alitafakari tendo hilo kwa upande wa kazi. Mtu yumo katika ndege isiyo na nguvu, anashuka kuelekea mto wenye mamba, waya wa antena ungali unaning'inia chini yake na kila dakika unakaribia kugusa mikoko, na vidole vyake vingali vinapiga Morse kwa usahihi wa kutosha kueleweka na mpokeaji aliye ndani ya chombo kinachotikisika kwa milio ya mizinga. Nimewaona mafundi na marubani wengi mahiri katika maisha yangu ya kazi, lakini sijui mfano mwingine wa utulivu kama huo kwenye swichi ya redio. Muda mfupi baadaye Kapteni Max Looff, kamanda wa Königsberg, aliamuru meli yake ilipuliwe. Mmoja wa mizinga yake unaonekana hadi leo Fort Jesus, Mombasa, na wageni huupiga picha. Redio ya Arnold iliishia mtoni, na labda ndiyo sababu imesahaulika.

Yaliyofuata katika fani hii yanaonyesha kwamba matatizo ya Rufiji yalikuwa matatizo ya dunia nzima. Lile la kutojua ujumbe ni wa nani lilijitokeza Ufaransa kwa ukubwa zaidi, maana ndege nyingi ziliruka juu ya sehemu moja ya mapigano na cheche zao zikagongana masikioni mwa wapokeaji. Mwaka 1916 Waingereza walipata nafuu kwa kuongeza kifaa kilichobadilisha mlio wa cheche, ili kila ndege itambulike kwa sauti yake, ya juu au ya chini. Dawa kamili ilitokana na vali ya redio, ile taa ya kioo yenye utupu ndani, ambayo mvumbuzi wa Marekani Lee de Forest aliipa uwezo wa kukuza mawimbi alipoiongezea waya wa tatu mwaka 1906. Vali iliwezesha mtumaji kubaki kwenye masafa yake, yaani kasi ya mtetemo wa mawimbi yake, bila kumwagika juu ya masafa ya wengine, ikampa rubani kipokezi kisichotegemea ncha ya waya, na ikabeba sauti ya binadamu. Huko Brooklands, Uingereza, kundi lililoongozwa na Charles Prince lilifanya majaribio ya kuzungumza na ndege iliyo angani kuanzia mwaka 1915, na Wamarekani wakatoa seti yao ya SCR-68 baada ya kuingia vitani mwaka 1917, ikipata umeme kutoka jenereta ndogo yenye pangaboi iliyozungushwa na upepo wa mwendo wa ndege.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo moja ambalo vitabu hulipita haraka, nalo ni kelele za umeme wa injini yenyewe. Plagi za injini ya petroli huwaka kwa cheche, na kila cheche ya plagi ni redio ndogo isiyoitwa na mtu. Mara tu ndege zilipopata vipokezi vyenye nguvu, marubani waligundua kwamba sauti waliyoisikia zaidi ni ya injini yao wenyewe. Katika miaka ya 1920 ilibidi kila waya wa plagi uvishwe ala ya nyuzi za chuma, sumaku ya kuwashia ifunikwe, na kila kipande cha chuma cha ndege kiunganishwe na kingine kwa ukanda wa shaba iliyosukwa ili umeme usirukeruke kati yao. Kazi hiyo tumeirithi kama ilivyo. Ndege ndogo zinazokwenda Mafia na visiwa vingine hushinda kwenye hewa ya chumvi, na chumvi huila mikanda hiyo pale inapofungwa kwa skrubu. Rubani hulalamika kwamba redio inakwaruza, wengine hukimbilia kubadilisha redio nzima kwa gharama kubwa, kumbe mkanda mmoja wa urefu wa kidole, chini ya bawa, umegeuka kijani na kuachia. Fundi kijana anayejua historia hii huanza kuutafuta mkanda huo kabla ya kufungua kitu kingine chochote. Hiyo ndiyo faida ya kuifundisha.

Baada ya kusema na kusikia, redio ilianza kuonyesha njia. Katika njia za anga za Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1920, vilijengwa vituo vilivyotuma herufi A upande mmoja na N upande mwingine. Kwa Morse, A ni nukta na kistari, N ni kistari na nukta, hivyo rubani aliyekuwa katikati ya njia alisikia zote mbili zikijazana na kuwa mlio mmoja usiokatika. Akipotoka, herufi moja iliizidi nyingine, akajua arudi upande gani. Tarehe 24 Septemba 1929, katika uwanja wa Mitchel Field karibu na New York, rubani wa Marekani Jimmy Doolittle alipaa, akazunguka na kutua akiwa amefunikwa kabisa asione nje, akitegemea ishara za redio, vyombo vya jairoskopu vya Sperry vilivyoonyesha jinsi ndege ilivyolala na ilikoelekea, na altimita (kipima kimo) sahihi ya Kollsman, huku Ben Kelsey akikaa kiti cha mbele tayari kuingilia kati likitokea la kutokea. Safari ilichukua dakika 15. Miaka miwili tu kabla ya hapo, Charles Lindbergh alikuwa amevuka Atlantiki bila redio yoyote ili apunguze uzito, na dunia ikamshangilia. Ninauheshimu ujasiri wa Lindbergh, lakini abiria wa leo anasafiri kwa amani kwa sababu ya kazi ya Doolittle na wahandisi waliomtayarishia vyombo vyake.

Njia hiyo ya kazi ilifika kwetu mapema. Shirika la Imperial Airways lilianza safari za kutoka London hadi Mwanza mwezi Februari 1931, na kuanzia mwaka 1937 ndege zake kubwa za kutua majini zilipita Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikielekea Durban. Ndani ya kila moja alikuwamo mhudumu wa redio, mwanachama kamili wa wafanyakazi wa ndege, aliyeuliza hali ya hewa ya mbele na kupata mwelekeo kutoka vituo vya ardhini. Ndege hizo zilipotoka Dar es Salaam kwenda Lindi zilifuata mwambao ule ule ambao Arnold aliutazama kutoka juu miaka 22 iliyotangulia.

Ndugu Mhariri, ninakuomba mambo mawili. Kwanza, mtakaporudi kwenye habari za Rufiji, na bila shaka mtarudi kwa kuwa wasomaji wanazipenda, mwelezeni Arnold na redio yake kwa urefu unaostahili, pamoja na tofauti kati ya tarehe 6 na tarehe 11 Julai, ambayo mwalimu yeyote wa fizikia angeweza kuitumia darasani. Pili, mtumeni mwandishi akawasikilize mafundi na waongoza ndege wastaafu waliofanya kazi na redio za vali na vituo vya zamani vya kuongozea ndege katika viwanja vya mwambao. Baadhi yao bado wako nasi na kumbukumbu zao ni timamu. Mwandishi huyo apite pia kwenye maghala ya viwanja hivyo aulize ni seti zipi za zamani zilizobaki, kwa sababu nimeona kwa macho yangu vyombo vya aina hiyo vikipakiwa kwenye lori la wanunuzi wa vyuma chakavu kwa bei ya uzito wa shaba yake, na hakuna aliyeandika hata namba zilizochongwa kwenye vibao vyake.

Wako,
Fundi mstaafu wa redio za ndege,
Dar es Salaam